Twende, Mama, Sasa Tunavuka Daraja

Jioni hiyo Byron Opondo alitumwa maziwa tu. Mke wake, Diana, alimpatia mtungi akamwambia asikawie. Eldoret ilikuwa imeshika baridi, ile baridi ya kufanya ng'ombe akamuliwe barafu.

Kwa kibanda ya Jelagat, muuza maziwa, alikuwa anangojwa. Byron alikuwa ameenda Prague kukanda misuli ya mkimbiaji wa marathoni, na tangu arudi hangeweza kununua hata chumvi bila kupitia Ulaya. Eti alitembea huo mji kwa mguu siku nzima mpaka lami ikamwomba msamaha.

"Mzungu wetu amefika," Jelagat akasema. "Leo ni daraja ama ni kanisa?"

"Ni zote, mama. Tazama."

Akafungua video. Byron ndani ya simu, na koti ya kuazima, anatembea akijipiga video. "Twende, twende. Sasa tunavuka daraja. Masanamu yamepanga laini kama watu wa matanga. Sasa tumefika kwa saa ya zamani. Mnaona ile mifupa ya mtu inagonga kengele? Twende..."

Jelagat hakucheka. Alisogeza sikio.

"Nani huyo anakuitikia?"

"Wapi?"

"Rudisha."

Byron akarudisha. Twende, sasa tunavuka daraja... Halafu chini chini, nyuma ya kelele ya watalii, sauti ya mwanamke mzee.

*Ee.*

Sasa tumefika kwa saa...

*Ee.*

Byron akazima simu. Hiyo sauti alikuwa anaijua. Ndiyo ilimlea.

Siku hiyo ya kutembea ndiyo siku Mama Adoyo, dada mkubwa wa mama yake, alikuwa anazikwa huko kwao upande wa ziwa. Mkimbiaji alijitolea kumbadilishia tiketi ya ndege arudi mapema. Byron akakataa. Akapigia binamu yake Eliakim, akakohoa kwa simu, akasema amelazwa, malaria ya Ulaya imemwangusha. Malaria, kwa baridi kama ile. Mbu mwenyewe angevaa sweta. Akakata simu, akafunga kamba za viatu, akaenda kuona makanisa.

Na pale mwanzo wa daraja, roho ilipomkwaruza kidogo, akasema kwa utani, "Haya Mama Adoyo, twende basi, nikuonyeshe Ulaya."

Kwao, mtu akifia mbali, wa damu yake huenda kuichukua roho yake. Anamwita kwa jina, anatangulia bila kugeuka, na kila daraja, kila njia panda, anamwambia: twende, sasa tunavuka. Hivyo mpaka kwa kaburi. Byron alifanya hiyo kazi yote bila kujua. Ila hakumfikisha. Alizima simu akaenda kula soseji.

Sasa ndio akakumbuka maneno ya Eliakim ya juzi, yale aliyapuuza. "Ndugu, jeneza ya mama ilikuwa nyepesi. Vijana walibeba kama gunia ya manyoya."

Akashika njia ya nyumbani. Giza lilikuwa linaingia. Maziwa inacheza kwa mtungi, chwa, chwa.

Halafu pa.

Pa.

Pa.

Miguu bila viatu, nyuma yake. Akasimama, zikasimama. Harufu ikamfikia, moshi ya jikoni, samaki wadogo wa omena, na ile tumbako alikuwa akitumwa akiwa mdogo.

"Byron..." Sauti ilikuwa imechoka. "Mbona umenyamaza? Tumefika wapi?"

Hakugeuka. Akampigia Eliakim. Kilichobaki ni kusema tu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa natembea. Mama ananifuata, ningojeni nimlete kaburini.

"Ndugu," Eliakim akasema, "umepona? Wazee hapa bado wanakuombea. Kila jioni."

Byron akafungua mdomo. Aliwaona hao wazee, kofia mkononi, wakiombea malaria yake.

"Napona," akasema. Akakohoa. "Polepole."

Akakata.

Pa. Sasa ilikuwa karibu, pumzi baridi kwa shingo.

"Tumefika wapi, mwanangu?"

Mlango wake ulikuwa hapo mbele, taa inawaka.

"Tumefika, Mama," akanong'ona. "Tumefika nyumbani."

Akaingia haraka, akafunga, akaweka komeo. Nje kimya. Diana akapokea mtungi, kisha akanusa hewa.

"Umenunua omena?"

"Hapana. Maziwa tu."

"Na huyo umeingia naye, mbona humkaribishi kiti?"

Byron hakuinua macho. Aliangalia sakafu. Kutoka mlangoni mpaka kwa kiti chake kulikuwa na nyayo za vumbi, na si vumbi nyekundu ya hapa. Ilikuwa nyeupe, ya mawe ya lile daraja.

Kiti kikatoa mlio, kama mtu ameketi.

"Byron," sauti ikasema, bila hasira hata kidogo. "Hapa si kwangu."