Flashi Yenye Uzi Mwekundu

Kila jioni akitoka shule, Hikma aliwasha kompyuta kabla hata ya kuvua viatu. Si kwamba aliipenda sana. Kompyuta ile ilichelewa kuamka kiasi kwamba aliweza kumwamkia Bibi, kubadilisha sare, kuchota ndoo mbili za maji na kunywa chai kwa mahamri, kisha akarudi na kuikuta bado inazungusha kiduara chake cha buluu. Hikma alikuwa Gredi ya Saba, na subira haikuwa miongoni mwa masomo aliyoyapasi.

Kompyuta ilikuwa ya marehemu babu yake, Mzee Abdurahim. Ilikaa pembeni mwa sebule ya nyumba yao katika mtaa wa Jericho, imefunikwa kitambaa cheupe alichokidarizi Bibi Ruqaiya kwa mkono wake. Babu alikuwa karani wa masjala, maisha yake yote akitunza mafaili ya ofisi, na alipostaafu alikuja na desturi za masjala hadi nyumbani. Kitu kisichotakiwa kuguswa alikifunga uzi mwekundu. Tena juu ya kabati palikuwa na kopo la biskuti lenye vitu vyote vidogo vya nyumba, na yeyote aliyetoa kitu humo alipaswa kuacha kadi: jina lake, siku, saa na alichochukua. Hata Bibi akichukua mkasi aliacha kadi. Majirani walicheka wakachoka, lakini katika nyumba ile hakuna mkasi uliowahi kupotea.

Miaka yake ya mwisho, Babu alijirekodi akisimulia Jericho ya zamani: nani aliishi mlango upi, nani alinunua televisheni kwanza, na jinsi watoto wa mtaa walivyojaa sebuleni kwake kuitazama hadi mwenye nyumba akakosa pa kukaa. Zilikuwa rekodi ishirini na nne, zote ndani ya flashi moja ndogo iliyofungwa uzi mwekundu. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri, Bibi aliitoa koponi, na Mzee Oketch wa mlango wa tatu alikuja na kiti chake mwenyewe. Walisikiliza rekodi moja tu kwa wiki. Walikuwa wamezisikia zote mara nyingi, na Mzee Oketch alianza kucheka kabla Babu hajafika penye kuchekesha.

Hikma alikuwa na yake aliyoipenda, rekodi ya kumi na moja. Katikati ya masimulizi, Babu alikatiza na kusema, "Hikma! Hebu shuka hapo dirishani, utaanguka." Hapo peke yake ndipo jina lake lilipobaki katika sauti ya Babu.

Alhamisi moja, Hikma alikuwa akiandika kazi ya mradi wa shule. Kompyuta iliganda mara tatu. Bibi alikuwa amekwenda sokoni kununua nazi, na Nzisa, rafiki yake wa nyumba ya nyuma, alikuwa ameketi kando yake akitafuna muwa.

"Aki hii mashine yenu imezeeka," Nzisa alisema. "Lakini kuna kitu niliona kwa video. Unachomeka flashi, unaiambia kompyuta iitumie kama memori ya ziada. Inaenda mbio ajabu."

"Sina flashi."

Nzisa aliacha kutafuna muwa. Alilitazama tu lile kopo juu ya kabati.

Moyo wa Hikma ulikataa, lakini mkono ulikuwa umeshafungua kopo. Fundo la uzi lilizuia flashi isiingie vizuri, akalifungua. Kadi hakuacha. Ni dakika kumi tu, alijiambia, na kadi ni ya watu wanaochukua kitu kwa muda mrefu.

Wakafuata maelezo ya video hatua kwa hatua. Kompyuta ikajibu kwamba nafasi haitoshi, flashi imejaa.

"Futa vilivyomo," Nzisa alisema.

"Wazimu! Ni sauti za Babu hizo."

"Si hizi hapa?" Nzisa alinyoosha kidole kwenye skrini. Kweli, palikuwa na folda iliyoandikwa "Sauti za Babu", na ndani yake majina yote ishirini na manne. "Nakala ziko. Unaogopa nini?"

Hikma hakufungua hata moja kuhakikisha. Aliisafisha flashi yote, ikawa tupu. Akajaribu tena. Safari hii kompyuta ilisema flashi yenyewe ni ya mwendo wa polepole mno, haiwezi kusaidia kitu.

"Basi tuzirudishe," Hikma alisema, akabonyeza jina la kwanza ndani ya folda. Kompyuta ikaandika kwamba faili halipatikani. Akabonyeza la pili. Akabonyeza la kumi na moja, mara nne. Ndipo alipoelewa kwamba majina yale yalikuwa vielekezi tu, vya kuionyesha kompyuta njia ya kwenda kwenye flashi. Babu hakuwa na nakala nyingine.

Hikma alitaka kulia, machozi yakakataa kutoka.

"Shosho wako akirudi kutoka sokoni usimwambie, atakumaliza," Nzisa alinong'ona, ingawa hapakuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba. "Skiza. Nina ngoma kwa simu, nyimbo kibao. Tuzijaze humo, tuifunge uzi wake, turudishe. Kesho akiifungua utasema ni virusi. Virusi huharibu kila kitu, na nani atajua?"

Ulikuwa mpango mzuri. Hikma alishika hata waya wa simu. Lakini ule uzi mwekundu ulikuwa juu ya meza, bado umejikunja kwa umbo la fundo ambalo Bibi alilifunga upya kila Ijumaa, kama alivyolifunga Babu. Alimfikiria Mzee Oketch akija kesho na kiti chake. Alifikiria kukaa hapo miaka yote, akimtazama Bibi akilaumu virusi.

"Nenda nyumbani, Nzisa," alisema.

"Unanikasirikia?"

"La. Lakini nenda."

Alichukua kadi tupu, akaandika. Alikuwa bado ameishika Bibi alipoingia na kikapu chake, akihema.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesawijika? Na kopo linafanya nini mezani?"

Hikma alimpa kadi. Bibi alipapasa kifuani akitafuta miwani, hakuiona. "Nisomee," alisema.

Hilo Hikma hakulitarajia. Kuandika kulikuwa kugumu, kusoma kwa sauti kulikuwa kugumu mara mbili. "Mimi Hikma," alisoma, "nimechukua flashi yenye uzi mwekundu. Alhamisi, saa kumi na nusu. Nimefuta sauti zote za Babu. Sijaweka kitu kingine ndani yake."

Bibi aliketi taratibu, kikapu kikiwa bado mkononi.

"Zote?"

"Zote, Bibi."

Bibi aliweka kikapu chini. "Nilidhani nimeshamzika," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Hikma hakuwahi kuisikia, na hapo ndipo machozi ya Hikma yalipomwagika. Alilia hadi Bibi akamvuta na kumfuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

"Vaa viatu," Bibi alisema. "Mutunga hajafunga duka."

Mutunga alitengeneza simu na kompyuta katika kibanda kilichopakana na soko. Aliipokea flashi pamoja na kadi, maana Bibi alivileta vyote viwili. Aliisoma kadi, kisha akairudia.

"Nani ameandika?"

"Mimi," Hikma alijibu, akitazama chini.

"Hapa umesema hukuweka kitu kingine. Ni kweli? Hata wimbo mmoja?"

"Ni kweli. Nilikaribia kuweka, lakini sikuweka."

Mutunga alitabasamu. "Basi kaa, nikueleze. Ukifuta vitu kwenye flashi, ni kama umepitia nyumba za Jericho ukabandua namba za milango. Mgeni akija haoni nyumba ya nani ni ipi. Lakini watu bado wamo ndani, wanapika. Wanahama lini? Pale unapoleta wapangaji wapya. Ungejaza nyimbo humo, sauti za Mzee zingetolewa nje, na mimi nisingekuwa na la kufanya. Kwa hivi ulivyosema mapema, nitajaribu. Siahidi."

Usiku huo Hikma hakula vizuri, na siku ya pili mwalimu alimwita jina mara mbili kabla hajasikia.

Ijumaa baada ya alasiri, Mutunga alikuja mwenyewe hadi nyumbani na mkoba wake. Mzee Oketch alikuwa ameshaketi. Mutunga aliifungua kompyuta kwanza, akaipangusa vumbi lililojaa ndani kama unga wa posho, akachomeka kipande cha memori alichokitoa katika mashine kuukuu, kisha akazima programu nyingi zilizokuwa zikijiwasha zenyewe. "Ubovu ulikuwa hapa," alimwambia Hikma. "Flashi ya zamani haiwezi kumbeba mzee aliyechoka. Siku nyingine jua kwanza kinachomuumiza mgonjwa, ndipo umpe dawa." Kompyuta iliwaka kabla Bibi hajamaliza kumimina chai.

Akachomeka flashi. "Nimepata ishirini na tatu. Moja imeharibika."

"Ipi?" Bibi aliuliza.

"Ya kwanza."

Hikma aliomba ruhusa, akabonyeza ya kumi na moja. Waliisikiliza wote kimya, hadi sauti ya Babu ilipokatiza masimulizi: "Hikma! Hebu shuka hapo dirishani, utaanguka." Hikma aliziba uso kwa mikono miwili. Mzee Oketch, ambaye kwa kawaida alicheka hapo, safari hii alipenga kamasi.

"Umenikosea, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Uliugusa uzi, hukuacha kadi, na ulifuta kitu bila kuhakikisha. Hayo nitakukumbusha mpaka uote mvi. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hukuficha. Kosa lililosemwa mapema bado lina tiba, na ukweli wako ndio uliomrudisha babu yako nyumbani leo."

"Lakini ya kwanza imepotea, Bibi."

Ya kwanza ilikuwa simulizi ya siku Babu na Bibi walipohamia Jericho, wakiwa na godoro moja na jiko moja. Bibi alisogeza kiti karibu na kompyuta, akajitengeneza mtandio kama anayepigwa picha.

"Basi washa hicho kinasa sauti, nitaisimulia mimi. Na ukimaliza, utoe nakala tatu."

Hikma aliwasha. Kisha alichukua kadi, akaandika jina lake, siku, saa na "flashi yenye uzi mwekundu", akaiweka ndani ya kopo.

"Siku tuliyohamia hapa," Bibi alianza, "babu yenu alikuwa akisema mvua ilinyesha. Si kweli. Haikunyesha hata tone."

"Ilinyesha, Mama!" Mzee Oketch aliruka. "Mimi ndiye niliyelibeba godoro, likalowa!"

"Wewe Oketch ulibeba sufuria tu."

Wakaanza kubishana, na Hikma hakukizima kinasa sauti.