Maonyo ya Rumen

Asubuhi Zornitsa alikuta kisanduku kina alama tena. Jana yake aliiondoa mwenyewe, bosi wake Hadjiev akiwa amesimama nyuma ya kiti.

Kisanduku hicho kilikuwa kwenye mipangilio ya programu wanayotumia kujengea programu nyingine. Kikiwa na alama, kila onyo huhesabiwa kosa na kazi hukataa kujengeka. Kikiwa kitupu, maonyo hunyamazishwa, vipande huunganishwa, mzigo hutoka kwenda kwa mteja. Safari hii mzigo ulikuwa programu ya kuendesha lifti za hospitali moja ya mjini Plovdiv, na maonyo yote yalihusu breki. Lifti ya kuijaribia ilikuwa mwisho wa korido ya ofisi.

"Nani kagusa?" Hadjiev alifoka.

"Muulize Rumen."

"Rumen tumemzika."

"Wewe ulianza kumzika akiwa hai. Ulimwita mwoga mbele yetu kwa ajili ya kisanduku hiki hiki, mpaka moyo ukamsimama pale mezani."

"Ondoa alama, dada. Kulia kalie makaburini."

Zornitsa aliiondoa, meno yamekazana. Harufu ya sigara ikaingia, na ya kahawa iliyoungua, kahawa ambayo Rumen alikuwa akiisahau jikoni kila siku. Kisha, mchana kweupe, kwenye meza ya marehemu ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia, kibodi ikaanza kugonga, polepole, kama alivyogonga mwenyewe kwa vidole viwili, na kila kioo cha kompyuta kikawa chekundu, onyo juu ya onyo, breki, breki, breki, huku kitu kisichoonekana kikikohoa kikohozi chake karibu kabisa na shingo ya Hadjiev, hata bosi akang'ang'ania ukingo wa meza na kusahau kufoka.

Hadjiev akamleta Bibi Stanka, mganga wa kijijini kwao. Bibi aliyeyusha madini ya risasi jikoni, akayamwaga, kama wanavyofukuza mizimu kwao, kwenye bakuli la maji aliloliweka juu ya ile kibodi. Maji yalilia.

"Toka, mwanangu," alinong'ona. "Toka."

Wekundu ukafutika. Harufu ikakatika.

"Kaenda?" Hadjiev aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwenye mashine katoka." Bibi alikuwa akikusanya vyombo vyake haraka. "Ila ana hasira, na mwenye hasira hutafuta mwenziwe."

Mlango ulipofungwa, sauti ya Hadjiev ilirudi yote. "Haya! Jenga, tutume sasa hivi."

Zornitsa aliketi. Alitazama kisanduku kitupu, akawafikiria wagonjwa juu ya machela, ndani ya lifti isiyoshika breki. Mkono wake ukaweka alama. Kioo kikawa chekundu.

"Karudi?" Hadjiev alirudi nyuma hatua moja.

Zornitsa alitaka kujibu kwamba hapana, safari hii ni yeye. Kikohozi kikamtangulia kinywani.

"Nilikwambia breki haishiki," ikasema sauti nzito, ya Rumen. Vidole vya Zornitsa vilikuwa vimekwisha kumkamata Hadjiev kifundo cha mkono, na mwisho wa korido lifti ya majaribio ikafungua milango. "Twende. Utaipanda wewe kwanza."