Chipu Mbili Miguuni

Saa nane mchana, Imbaba, Cairo.

Chumba cha nyuma cha duka la magodoro kilinuka pamba na jasho. Tharwat, mkubwa wao, alifagia makombo ya mkate mezani kwa kiganja. Akatandaza picha ya jumba kubwa la michezo la Doha.

"Mbio zenyewe ni za ndani," alisema. "Unakimbia kilomita, unasukuma chuma. Unakimbia tena, unavuta kamba. Mara nane hivyo. Watu wenye pesa zao wanalipa wateseke."

"Wendawazimu," alisema Wagdi.

"Wendawazimu wenye saa za dhahabu. Kamba haivutwi na pete kidoleni. Wanavua kila kitu, wanatia begini, begi linapelekwa chumba cha mabegi. Kufuli lake hata mtoto analifungua."

Wagdi akacheka. Kufungua makufuli ilikuwa kazi yake. Mdogo wake, Shukri, alikaa juu ya godoro. Huyu miaka yote alibeba mitungi ya gesi, akipanda nayo ngazi za maghorofa yasiyo na lifti. Hakuwahi kuiba hata yai. Walimtaka kwa miguu yake.

"Kila mkimbiaji anafungwa chipu mguuni. Inaandika alipo na muda wake. Shukri atavaa mbili. Yake kushoto, ya Wagdi kulia. Polisi wakiuliza, kompyuta itawajibu kwamba Wagdi alikuwa anakimbia."

"Na mimi nikimbie vipi, mzee?"

"Katikati ya kundi. Ukishinda, chipu ya kaka yako nayo itashinda, na watakuja na kamera kumtafuta. Kaka yako atakamatwa. Umesikia, punda wetu?"

"Nimesikia."

Wakaanza maandalizi ya safari. Cheti cha daktari. Picha za mazoezi. Ada ya mbio. Viza zikatoka upesi. Mtu akisema anakwenda kutafuta kazi, ataulizwa mpaka habari za bibi yake. Akisema anakwenda kukimbia, anatakiwa heri.

Wagdi alipiga picha mbili tatu ameshika vyuma, akarudi kwenye shisha yake. Shukri alifanya mazoezi kweli. Aliburuta matairi kando ya Nile. Alirusha gunia la mchanga ukutani mpaka majirani wakamtukana. Akaacha sigara, na hakuna aliyemwambia aache.

Saa kumi jioni, uwanja wa ndege wa Cairo.

"Wewe unarudi Jumatatu," mhudumu alimwambia Shukri. "Wenzako wanarudi kesho mchana."

Shukri akageuka. "Kaka, mbona mimi nabaki?"

"Viti vilijaa."

"Vilijaa kwangu tu?"

"Lazima mmoja abaki," Tharwat alidakia. "Tukiondoka wote watatushuku. Unaogopa nini? Hujaiba kitu wewe."

Shukri alimtazama kaka yake. Mama yao alipofariki, Wagdi ndiye aliyemlea. Wagdi aliinama, akafunga kamba ya kiatu kilichokwisha kufungwa.

Saa nne asubuhi, Doha.

Tharwat alingoja nje ndani ya teksi. Chooni, Wagdi alivaa fulana ya wafanyakazi wa jumba, akapiga goti, akamfunga mdogo wake chipu ya pili.

"Polepole, Shukri. Maisha yangu unayo mguuni."

"Najua, kaka."

Alianza polepole. Alisukuma chuma polepole. Akavuta makasia ya mashine kama mtu anayevua samaki. Wanaume wenye mapaja laini walimpita wakihema. Ndipo mama mmoja pembeni akasoma jina kifuani pake, akapaza sauti:

"Shukri! Twende, Shukri!"

Imbaba walimwita Gesi. Hakuna jirani aliyewahi kumwita asiyetaka mtungi.

Akamkumbuka Wagdi ameinamia kiatu. Yeye na Tharwat walikuwa wanamwacha Shukri mikononi mwa polisi. Alijua pia, wazi kabisa, kitakachompata Wagdi kama yeye Shukri akishinda.

Akaongeza mwendo.

Kwenye mfuko wa mchanga aliwapita kumi. Kwenye kurusha mpira ukutani hakupumzika hata mara moja. Akamaliza, akaanguka chali, na ukumbi wote ukapiga makofi.

Majina yakatokea kwenye skrini, na picha zao za usajili. Wa pili, Shukri. Wa kwanza, Wagdi. Mguu wa kulia ulitangulia kukanyaga mstari.

Shukri alicheka mpaka machozi yakamtoka, wala hayakuwa ya kicheko.

Saa tano na robo.

Wagdi alitokea kwenye korido na begi zito begani, ameshaivua fulana ya wafanyakazi. Vijana wa mapokezi walimtambua kwa picha ya kwenye skrini.

"Bingwa! Unakwenda wapi? Jukwaa liko huku!"

"Mmenifananisha."

"Acha aibu, bwana! Lete begi tukubebee."

Wakavutana kwa furaha. Zipu ikaachia. Saa zikamwagika sakafuni, na mwenye saa mmoja alikuwa amesimama palepale.

Nje, teksi ya Tharwat iliondoka.

Polisi waliwaweka ndugu wawili kwenye benchi moja.

"Umeniuza," alisema Wagdi.

"Nimekimbia tu, kaka."

Msimamizi alikuja na mkasi, akakata chipu zote mbili.

"Matokeo yenu yamefutwa."

"Sasa nani wa kwanza?" aliuliza Shukri.

Msimamizi akaonyesha kwa kidole. Mwanamume mnene kidogo alikuwa jukwaani, amembeba binti yake, anapigwa picha.

"Yule nilimpita kwenye mchanga," Shukri alimwambia polisi. "Nilimwacha mbali sana."

"Lete mikono," alisema polisi.