Bodi Nyekundu Haikati Kona

Kinyozi aliingia duka la vifaa vya michezo kutafuta betri ya mashine ya kunyolea, akatoka na uongo. Jumamosi ile duka lilifurika, watu wanakanyagana visigino. Katikati ya msongamano alisimama dada wa ovaroli ya buluu na kitambaa cheupe kichwani, fundi wa lifti, amebeba bodi mbili za boti za rimoti, tupu bila mota, moja kwa kila kiganja, kama anayepima uzito wa mapacha. Zote zilikuwa katamarani: matumbo mawili membamba yaliyoungana juu, uwazi katikati.

"Kaka, wewe ungechukua ipi?"

Kinyozi, shati limenyooka, viatu vimechongoka, hakuwahi kuendesha hata boti ya karatasi. Lakini macho yale yalimtazama yeye.

"Nyekundu. Miaka yote nashindana na nyekundu."

"Na kwenye kona?"

"Kona ni za waoga."

Dada akacheka. "Haya, bingwa. Mimi nachukua njano. Kingo zake za ndani ni kali, zinang'ata maji, na uwazi wake mwembamba haumezi upepo. Yako ina mbio, ila ikikata kona inaruka kama imeona nyoka. Utaiweza?"

"Mbona kawaida."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilielekea bwawani, kwenye mashindano ya boti.

Kinyozi akainunua nyekundu, wakapeana namba, zikaanza simu za jioni.

"Mpenzi, unafanya nini?"

"Naifikiria kona."

"Bingwa wangu. Siku moja nitakupandisha lifti zangu, mpaka juu kabisa."

"Nitafurahi sana," alisema kinyozi, ambaye aliogopa lifti kuliko radi.

Neno "bingwa" likamfuata hadi kazini. Wembe ukateleza, mzee mmoja, mtu na heshima zake, akatoka kinyozini na nyusi moja. Ile nyingine tunaiombea.

Siku ya mashindano, dada alikuwa majini hadi kiunoni, gauni la kijani limemgandama, kitambaa chake cheupe kichwani, akitoa majani kwenye propela ya boti yake. Watu ukingoni wakasema, "Bingwa, tuonyeshe basi." Kinyozi akabonyeza rimoti.

Nyekundu ilipaa kama risasi. Ikageuka, ikaanza kurudi, na hapo akagundua jambo ambalo wenye boti hujifunza siku ya kwanza: chombo kikikuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako. Akazungusha usukani upande usio wake. Pua ikainuka, upepo ukaingia kwenye uwazi wa katikati, boti ikaruka kuelekea kichwa cha dada.

"Zama! Sijui kuendesha, zama!"

Kitambaa cheupe kiliondoka na boti, ikapasuka kwenye ukuta wa bwawa. Maji yakatulia. Hakuibuka mtu. Kinyozi alijitosa na viatu vyake, akipapasa maji, mpaka dada alipoibuka mbele yake akikohoa.

"Ulisema miaka yote."

"Niliongopa."

"Yaani ungeniua kwa kuona aibu kusema hujui." Akaondoka akichuruzika maji, hakugeuka.

Simu hazikupokelewa. Siku moja ikapokelewa.

"Niko kazini, jengo la ofisi nyuma ya kituo cha basi. Ukitaka kuongea, panda lifti."

Akapanda, akishikilia ukuta. Dada alikuwa ndani na mkoba wake wa vifaa. Kati ya ghorofa na ghorofa, lifti ikasimama. Taa ikazima.

"Imeharibika?"

"Labda. Unaogopa, bingwa?"

"Mbona kawaida" lilifika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Naogopa. Lifti naziogopa tangu utotoni. Boti naziogopa. Ulipozama niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Na sasa hivi naogopa, kwa sababu nataka kukuoa na naona utakataa."

Gizani ufunguo ulizungushwa. Taa ikawaka.

"Kumbe ni wewe uliyeizima?"

"Nani mwingine ana ufunguo, kaka?" Akatoa bodi ya njano mkobani. "Hii ungeichukua?"

"Sijui. Nifundishe."

Dada alimwangalia jasho linavyomtiririka shingoni hadi kwenye kola.

"Bado unaogopa?"

"Sana."

"Vizuri," akasema, akamshika mkono. "Basi jibu ni ndiyo."