Aliyenisoma kwa Kejeli

"Baba akanizamisha kichwa kwenye pipa la maji, akafoka, 'Uanamke utoke humo!'"

Ukumbi mzima wa chuo ukaangua kicheko. Arnel alikuwa anasoma kwa sauti nyembamba, mkono kaulegeza, anabana pua. Mimi nilikaa safu ya nyuma. Kichwa kilichozamishwa kilikuwa changu. Nilikuwa na miaka tisa.

Naitwa Delfin, nina saluni mtaa wa La Paz, hapa mjini Iloilo, Ufilipino. Mimi ni agi. Ndivyo tunavyoitwa huku wanaume tunaopenda wanaume. Arnel, mwalimu wa chuo, alikuwa mpenzi wangu miaka mitatu. Aliniambia anakusanya simulizi za maisha ya maagi, nikammwagia zangu zote, simu zetu zote mbili zikirekodi, supu ya batchoy ikipoa mezani.

Mbele walikaa mama yake na Rosalie, ambaye Arnel aliniambia ni binamu yake.

"Mchumba wake yule," jirani yangu alininong'oneza. "Harusi Januari."

Nikamtumia Arnel ujumbe: "Acha. Wanacheka."

Akausoma palepale. Akaizima simu, akaendelea kubana pua.

Nikasimama.

"Mwalimu, hiyo si sauti yangu!"

"Kaka, maswali mwishoni."

"Kaka? Juzi si ulikuwa unaniita langga, mpenzi?"

"Makubwa haya!" mtu akaropoka.

Mama yake akageuka. "Arnel, huyu nani?"

"Simjui, Mama. Ni mmoja wa niliowahoji."

Nikabonyeza simu yangu. Sauti yangu halisi ikatoka, nzito, ikakwama kwenye habari ya pipa. Kisha ikasikika yake: "Usilie, langga. Njoo kifuani. Hakuna atakayekuzamisha tena, mimi nipo."

Rosalie akauliza taratibu, "Arnel, ni wewe huyo?"

"Ni mimi. Ilibidi nijifanye. Hawa bila kubembelezwa hawasemi."

"Miaka mitatu, Arnel?" nikamuuliza. "Kila asubuhi ulikuwa unajifanya?"

Akainamia karatasi zake. Mama yake ndiye aliyenijibu:

"Unamlilia nini mwanangu? Ulidhani utakuja kuwa mkwe wangu?"

Wakacheka tena. Rosalie akanyanyuka, nikadhani anakwenda kumzaba kibao. Akamnyoosha kola, akamwambia, "Endelea kusoma."

Nikapanda jukwaani, nikachukua kipaza sauti mkononi mwa Arnel.

"Naitwa Delfin Palmares. Nilikuwa na miaka tisa, na maji ya pipa lile yalikuwa baridi."

Wengi waliondoka, mama yake akiwa wa kwanza. Walibaki kumi na mmoja. Niliwasimulia mpaka mwisho, na hakuna aliyecheka.

Nikiwa njiani kurudi, ujumbe wa Arnel ukaingia: "Umeniharibia kazi ya miaka mitatu."

Nikamjibu: "Mimi nilidhani tunapendana."

Akausoma. Januari akaoa.