Wino wa Fundi Viatu

Fundi viatu alizoea kuongea na viatu. Angeongea na nani mwingine? Wateja walisema, "Nitapitia kesho," wakaenda zao. Hata kiti cha wageni alikigeuza pa kuwekea soli. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja, akala, akalala. Basi.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba na mfupi. Kiatu cha mguu huo alikiongezea soli mwenyewe, unene wa vidole vitatu. Watoto wa mtaa walimwita Kisigino, tena mbele ya macho yake.

Aliyemjulia hali alikuwa mmoja tu: Mama Bonge, wa mlango wa pili. Mumewe alikuwa dereva wa malori, mwezi ukiisha hajaonekana. Mtoto wao Bonge alikuwa na miezi kumi, mashavu tele.

Asubuhi moja Mama Bonge alikuja mbio.

"Fundi, niazime kalamu yako ya wino."

Ilikuwa kalamu ya kuandikia namba kwenye soli, wino wake haufutiki kwa maji. Fundi alimpa bila kuuliza. Alifurahi tu kuombwa kitu.

Baadaye wachanjaji wa polio walipita na kisanduku chao cha barafu. Kila mtoto aliyepewa matone walimtia wino kwenye kidole kidogo. Kwa Mama Bonge walionyeshwa kidole cha mtoto dirishani, wakaendelea na safari.

Mchana Mama Bonge alirudisha kalamu, Bonge mgongoni. Fundi alimshika mtoto kidole kumtania, kisha akakisogeza karibu na macho. Mstari ule aliujua. Ulikuwa mnene na umetawanyika pembeni, maana ncha ya kalamu yake ilikuwa imebonyea.

"Mama Bonge, huu wino wangu."

"Usinisute, Fundi! Baba yake kasema nisimfungulie mtu mlango. Halafu mtoto alishapewa matone kliniki. Mengine ya nini?"

Fundi aliondoa soli kwenye kiti. "Kaa."

Hakuwahi kumsimulia mtu.

"Nilikuwa na miaka mitatu. Nikapata homa, homa ya kawaida tu. Siku ya tatu nataka kushuka kitandani, mguu umegoma. Enzi hizo chanjo ya polio ilikuwa haijafika kwetu. Mama yangu angeifuata hata kwa magoti! Wewe imekupigia hodi, ukaifukuza kwa kalamu yangu."

Mama Bonge aliinamisha kichwa.

"Na unajua kinachouma? Si mguu. Nilikaa dirishani mwaka mzima, nawasikia wenzangu wanakimbizana. Mwanzoni waliniita. Wakachoka. Upweke ule sijauzoea mpaka leo."

"Lakini polio si ilikwisha?"

"Imepungua sana, haijaisha. Nimemuuliza kila nesi aliyenishika mguu huu. Kirusi kinatoka na choo cha mtu, kinaingia mdomoni mwa mwingine kwa maji au mikono michafu. Wengi wanakibeba na hawaumwi chochote. Kikishapoozesha mguu, hakuna dawa ya kuuponya. Chanjo inazuia, na matone ya nyongeza hayamdhuru mtoto. Yanamzidishia kinga."

Mama Bonge alisimama. "Wako wapi sasa?"

"Wanapakia gari pale kona. Kimbia, mimi nitakuchelewesha."

"Hapana, twende wote. Peke yangu nitasema nini, na aibu hii?"

Fundi alikiacha kibanda wazi. Mama Bonge alipunguza mwendo, akamshika mkono.

Mchanjaji alishangaa. "Mbona huyu ana alama?"

"Nilimchora mwenyewe," Mama Bonge alisema.

"Umefanya vizuri kusema. Tungemhesabu amekingwa, kumbe hajapata."

Matone mawili yakaingia. Bonge akakunja uso, akalamba midomo.

Jioni baba yake alipopiga simu, Mama Bonge alimweleza yote. Baba akasema, "Mshukuru fundi."

Bonge alipoanza kutembea, mama yake alimleta apimwe viatu. Fundi alimsimamisha juu ya karatasi, akachora nyayo zote mbili kwa kalamu ileile. Akapima wa kulia. Akapima wa kushoto. Akarudia.

"Kuna tatizo, Fundi?"

"Hakuna. Miguu inalingana." Alijifuta macho kwa mkono wenye gundi. "Natazama tu."

Fundi bado anapika chakula cha mtu mmoja. Ila kile kiti hakiwekwi soli tena. Bonge akija mbio na viatu vyake viwili vinavyolingana, anakikuta kitupu, anakipanda.