Barua Thelathini na Moja

Lifti ya jengo la utawala ilikuwa imegoma tena, na pale chini walikuwa wamebanana manesi, wahasibu na wabeba mafaili, kila mmoja akiikodolea macho taa nyekundu kana kwamba itaona haya. Miongoni mwao alikuwemo dada mmoja aliyevaa blauzi ya rangi ya udongo na viatu vya kisigino vilivyokuwa vinamtafuna vidole. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye koti jeupe, amekumbatia boksi la chupa.

"Kaka, shikilia vizuri. Usije ukanimwagia magonjwa ya watu."

Kijana akageuka. Mdomo ulifunguka, neno likagoma. "Ni ma... ma..."

"Mabaya sana?" akamdakia.

"Ma-maji," akamaliza mwenyewe. "Ya kujaribia mashine."

Wakacheka hadi lifti ikafika na kuondoka bila wao. Ndiyo mara ya kwanza alipomdakia neno, na alikosea. Angejua, angeshika adabu tangu siku hiyo.

Dada huyo alikuwa msimamizi wa mtambo unaopeleka ujumbe hospitalini. Maabara, iliyokuwa ng'ambo ya pili ya mji, ikiandika majibu ya mgonjwa, mtambo huyapanga kwenye foleni mpaka wodi iyachukue. Nani anaruhusiwa kuweka, nani anaruhusiwa kuchukua, yote yalikuwa mikononi mwake, ndiyo maana wenzake wakamwita Bi Funguo. Kijana alikuwa fundi wa maabara. Kigugumizi kilimtesa zaidi kwenye simu, lakini akiandika alikuwa mtamu kama asali. Kila asubuhi saa mbili ilimlazimu kutuma, kwa jina lake mwenyewe, ujumbe wa kujaribu njia, naye akaugeuza barua.

"Jaribio. Jana ulicheka, nikasahau nilipoegesha baiskeli."

Bi Funguo alikuwa akisoma huku akijifanya anakagua mtambo. Mapenzi hayo, na mshahara unaingia.

Mwaka ulipotimia, Bi Funguo akampeleka kijana kwa shangazi yake aliyemlea. Kijana alivaa shati la bluu lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama. Akainuka katikati ya sebule, jasho linamtiririka.

"Shangazi, ni... nimekuja ku... ku..."

"Kukusalimia tu, shangazi," Bi Funguo akadakia, maana roho ilimuuma kumwona anahangaika.

Nje, langoni, kijana akasimama akamkabili. "Ha-halikuwa hilo."

"Nilikuwa nakuokoa!"

"Una... unaninyang'anya."

"Basi usinipigie simu mpaka ujifunze kuongea!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Usiku ule Bi Funguo aliifungia namba ya kijana isimpate. Siku ya tatu aliifungua, lakini mwenzake angejuaje? Na kumpigia yeye kwanza, kiburi kilikataa.

Jumatatu wakaguzi walitoa amri: majina ya mtu mmoja mmoja yaondolewe kwenye orodha za ruhusa, yabaki makundi tu. Akayaondoa, macho yamemvimba kwa kulia. Hakuangalia kama watu wa maabara walikuwa wameingizwa kwenye kundi lao.

Tangu hapo, kila asubuhi saa mbili alifungua foleni ya majaribio. Sifuri. Akala chakula cha mchana peke yake, simu kando ya sahani. Siku moja aliipigia kwa simu ya ofisi, aone kama ni nzima. Ikaita vizuri tu, akaitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Ikapita karibu miezi miwili.

Alhamisi moja, adhuhuri, simu ya ofisi ikalia. Ilikuwa sauti ya binti.

"Shikamoo dada. Mimi ni mgeni huku maabara. Majibu niliyotuma wodi ya watoto, wanasema hayajafika. Kwangu yanaonyesha yameondoka."

"Marahaba. Umetuma kwa jina lako mwenyewe, si kwa jina la mashine kama kawaida?"

"Ndiyo, dada."

Hapo akajua. Ujumbe ukifika upande wa pili na mtumaji akaonekana hana ruhusa, haurudishwi kwake. Hutupwa mahali ambapo wao walipaita makaburini, na hakuna anayekwenda kutazama ila kukiwa na msiba. Akafungua. Akakuta jumbe tatu za binti. Chini yake akakuta nyingine thelathini na moja, zote zimepigwa alama moja: mtumaji hana ruhusa.

Kwanza alitimiza wajibu. Akawaingiza watu wa maabara kwenye kundi, akamwambia binti atume tena.

"Yamefika, dada!"

"Yule kaka uliyepokea kazi yake yuko wapi?"

"Aliondoka wiki iliyopita. Mpole, yule."

Akaufunga mlango, akasoma.

"Jaribio. Nisamehe. Namba yako hainipokei."

"Jaribio. Najizoeza mbele ya kioo. Leo nimefika neno la nne."

"Jaribio. Nimepata kazi mji mwingine, mkataba wa miaka miwili. Natakiwa kuwajibu Ijumaa. Ukisema baki, nabaki."

Na ya mwisho: "Jaribio. Nimekuelewa. Kaa salama."

Alilia kama aliyefiwa. Kisha akapiga.

"Ha... halo."

"Ni mimi. Barua zako nimezikuta leo. Jina lako nililitoa mimi kwenye orodha, kwa mkono wangu, wala sikujua nimekufungia mlango."

Upande wa pili zilisikika mashine ngeni zikinguruma.

"Nikadhani u... u..."

Neno alilijua. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake. Akaung'ata.

"...umenichoka."

"Sijakuchoka, mpenzi wangu. Siku ile kwa shangazi, ulitaka kusema nini?"

"Nilikuja ku... ku..." Mwenzake wa ofisi akachungulia mlangoni, Bi Funguo akampungia mkono aondoke. Akangoja. Hakuwahi kungoja hivyo maishani. "...ku-kuposa."

"Na sasa?"

"Ni-nimeshasaini. Miaka miwili."

"Na kuposa, je?"

Alisikia pumzi, herufi ikijaribu na kuanguka, ikijaribu tena.

"Na... nataka."

"Basi ukija, sema mwenyewe. Mimi nitanyamaza."

Jioni ile karatasi ya utumishi ilikuwa mezani kwake: mfanyakazi ameondoka, jina lake lifutwe kwenye mtambo. Akalifuta. Foleni ya majaribio ilisoma sifuri, na kesho ingesoma sifuri tena. Miaka miwili ni mingi. Akavua vile viatu vya kisigino, akakaa na simu mapajani, akaanza kujizoeza kunyamaza.